Fundi Kamba Anahamia Viti vya Mbele

Miaka thelathini na mmoja ya kuvuta na kulegeza kamba inaisha Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Fundi Kamba wetu anapostaafu. Jumamosi jukwaa letu la nje linafungua msimu wa kiangazi. Mnaona ujanja huo? Katukimbia siku moja kabla ya kazi.

Kwa wasiomjua, ndiye anayepandisha na kushusha zile kuta za turubai nyuma ya waigizaji. Upepo ukija, sisi tunakimbilia kujificha, yeye anakimbilia kamba. Mimi nina nguvu, anayebisha aje, lakini siku niliyomshikia kamba, upepo ulininyanyua mpaka nikahesabu vipara vya safu ya nyuma.

Zamani neno la kumwamuru ashushe turubai lilikuwa "shusha". Basi siku moja katikati ya mchezo mfalme akamwamuru askari ashushe upanga. Fundi Kamba huko nyuma akasikia lake, akashusha ikulu nzima. Mfalme akachomoza chini ya turubai, taji limemkaa shingoni, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Ikabidi litafutwe neno ambalo mfalme hawezi kulitamka. Nililipata mimi, msimsikilize mshona nguo anayedai ni lake: bamia. Ndiyo maana mama wa kantini haruhusiwi kutangaza mboga wakati wa mazoezi.

Sasa roho zilikuwa juu. Msimu mpya, mchezo mpya, na kamba ataishika nani? Kamfundisha dada yetu wa taa. Jumanne kwenye mazoezi upepo ukaja na hasira zake. Fundi akataka kuinuka, dada akamwambia, "Babu, tulia, leo kamba ina mwenyewe." Fundi akakalia mikono yake, miguu inacheza chini ya kiti. Turubai likavimba. Dada akalegeza kidogo, akavuta, akafunga. Ukuta ukatulia tuli. Fundi akafuta macho, akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima.

Jumamosi atakaa mbele na mkewe. Shemeji yetu huyo hajakosa mchezo hata mmoja, na misimu yote kiti cha pembeni yake kimekaliwa na mkoba. Safari hii mkoba ataupakata.

Asante, Fundi, vichwa vyetu bado viko mahali pake. Ule vizuri, ulale vizuri, ustaafu wako uwe wa raha. Na upepo ukivuma Jumamosi, wewe shika mkono wa shemeji. Kamba tuachie.