Treni ya Mawe Haipakii Watu

Kijiwe kipo upande wa nje wa ukuta wa stesheni, pale ambapo zamani abiria walishuka wakiitana na wapagazi, na sasa hashuki mtu. Benchi ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Upande mmoja umebonyea, na anayekaa hapo huteleza taratibu hadi kwa jirani yake, wakaombana radhi, wakaendelea kubishana. Stesheni yenyewe ni mpya kabisa kwa kuitazama: kuta za rangi ya krimu, ufito wa kijani, dirisha la tiketi lenye kioo ambacho karatasi ya dukani haijabanduliwa. Saa ya ukutani inakwenda. Maspika yamefungwa. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, wakubwa wakarudi kwenye magari yao. Kilichosahaulika ni treni tu. Mwenye jiko na birika hapo ni mwanamke wanayemwita Shangazi, hata wale wanaomzidi umri, na alasiri hiyo alikuwa akimimina kahawa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu ambayo tangu jana ilikuwa ikimwambia kwamba mama yake hapatikani.

— Mabehewa ya abiria yapo, nakuambieni. Yako bandarini.

Huyo ni Mheshimiwa. Alikuwa tarishi wa wizara hadi alipostaafu. Alibeba mafaili maisha yake yote bila kufungua hata moja, na mpaka leo anayasimulia.

— Sasa kama yapo, yanangoja nini? aliuliza Dobi, ambaye hufua mashuka ya nyumba za wageni na hamwamini mtu yeyote kwa sababu anayaona mashuka yao.

— Ni mapana.

— Mapana kuliko nini?

— Kuliko jukwaa. Yakiingia stesheni yatakwaruza. Kwa hiyo jukwaa lazima linyolewe pembeni.

— Si juzi tu wamelijenga!

— Ndiyo maana bado ni gumu kulinyoa.

— Toka hapa! Ni wenye mabasi hao. Wamehonga.

— Mabasi gani, Dobi? Barabara ya kule kaskazini ilishaliwa na maji. Basi la mwisho limegeuzwa banda la kuku.

— Hao hao! Umeshamwona tajiri anayekubali kunyang'anywa biashara, hata kama haifanyi?

Treni ya mawe ilikuwa imekwishaingia muda mfupi uliopita, na vikombe bado vilikuwa na mawimbi madogo. Hiyo haikosi. Hushuka kutoka kaskazini imesheheni mawe ya madini, hupanda tena tupu, na vibao vyake vimeandikwa kwa lugha mbili kwamba ni marufuku kubeba mtu. Kule, jiwe lina safari. Mtu hana.

Fundi Saa alitoa kioo chake jichoni. Huyu hurekebisha saa za mkono za watu ambao siku hizi hutazama saa kwenye simu, kwa hiyo ana nafasi kubwa ya kufikiri.

— Nyote mmekosea. Tatizo ni uzito.

— Uzito wa nani?

— Wa abiria. Reli ile imezoea mawe, jamani. Mwili wake umezoea. Sasa uiletee binadamu, tena binadamu wa kule walivyokonda, si itakuwa kama haijabeba kitu? Kwenye kona behewa linanyanyuka, linakwenda na upepo.

Dobi alicheka hadi akateleza kwa Mheshimiwa.

— Basi wachanganye! Kila abiria apakate jiwe lake.

— Unacheka, lakini huko ng'ambo wanafanya hivyo.

— Ng'ambo ipi?

— Ng'ambo, alisema Fundi Saa kwa hasira. Unataka nikuchoree?

Mheshimiwa alikohoa kikohozi cha wizara.

— Niwape siri? Treni haitakuja mpaka watu wa kule wapungue. Wengine wanahama, wengine wanaisha. Wakibaki wachache, wataleta behewa moja, watu wote wataenea, halafu watatangaza kwamba huduma imeboreshwa, hakuna msongamano.

Dobi alijisogeza kutoka kwa Mheshimiwa.

— Na mama yangu umempanga wapi, Mheshimiwa? aliuliza Shangazi, akiwa bado anamimina. Kwa wanaohama, au kwa wanaoisha?

— Aa, Shangazi, haya ni mazungumzo tu.

— Najua ni mazungumzo tu.

Mama yake aliishi kule kaskazini, na alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa huku chini alikwishasema: mleteni, ni jambo dogo, ataona. Lakini mama alianguka akavunjika nyonga, ikaunga vibaya, na mtu mwenye nyonga ile hapandishwi juu ya lori siku mbili kwenye mashimo. Anahitaji kulala, na mahali pa kulala mtu anayesafiri kutoka kule ni behewa.

Ndipo rangi ilipopakwa stesheni. Shangazi alikuwa na desturi: kila jioni, wateja wakiwa wamejaa, humpigia mama, huweka simu kwenye spika juu ya benchi, na kila mmoja humwamkia kwa zamu. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, treni vipi? Na wao, kwa kuwa hawajui kusema hatujui, humpa habari. Dobi alimpa aina ya viti. Fundi Saa alimpa mwendo. Mheshimiwa, ambaye hapendi kupitwa, alimpa tarehe: mama, funga mizigo, mwisho wa mwezi huu ni wewe na dirisha lako. Mama akacheka. Shangazi hakuwa amekisikia kicheko kile tangu nyonga ilipovunjika, akakiacha kipite bila kukisahihisha. Jioni iliyofuata alitaka kumwambia asishike sana maneno ya kijiweni. Mama alikuwa ameshaanza kuuliza kama huku chini usiku kuna baridi.

Mwezi wenyewe ndio huu uliokuwa ukikatika.

Mgeni alitokea kwenye geti la wafanyakazi. Alivaa ovaroli ya buluu, chupa ya chai mkononi, macho mekundu ya mtu aliyekesha.

— Hamjambo? Mama, nijazie hii. Kama una kahawa kali, nipe hiyo.

— Karibu, kaka. Umetoka safari?

— Mimi ndiye dereva wa ile ya mawe. Wamenihamishia njia hii majuzi tu.

Kijiwe kizima kilijisogeza. Mtu aliyeiona kaskazini kwa macho yake mawili! Mheshimiwa alijiandaa kumweleza habari za huko. Lakini mgeni alitangulia.

— Hebu niulize, nyie wenyeji. Ile stesheni ndogo ya kule mwisho, jana nimepita nimekuta watu wamejaa jukwaani. Wana mabegi, magodoro, wamefagia mpaka chini. Kuna bibi mmoja wamemkalisha kwenye kiti mbele kabisa. Akaninyooshea mkono hivi, kama mtu anasimamisha basi. Mimi siruhusiwi kusimama pale. Nimepiga honi nikapita. Tangu jana nawaza. Wale watu wanamsubiri nani?

Dobi alitazama viatu vyake. Fundi Saa alikirudisha kioo jichoni ingawa hakuwa na saa mkononi. Mheshimiwa alifungua kinywa, akakifunga. Wizara ilikuwa imefungwa.

Birika lilikuwa limeishiwa kabla chupa haijafika nusu. Shangazi aliliweka chini. Simu ikaita.

— Mama! Uko wapi?

— Nilizima nisimalize chaji, mwanangu. Niko stesheni na majirani, nimewapa ile tarehe! Nilitaka nikushtue nikiwa ndani ya treni. Kuku nimegawa. Chumba nimemwachia yule mjane, ameshahamia na wanawe.

— Mama, sikiliza.

— Ilipita moja jana, haikusimama. Nadhani hawakuniona. Leo nimewaambia wanisogeze karibu zaidi na reli.

— Mama, hapana! Ile ni ya mawe. Rudi nyuma. Rudi nyumbani.

— Nyumbani kwa nani? Ilipiga honi, mwanangu. Nani anayelipigia honi jiwe?

Dereva alikuwa amevua kofia. Shangazi alibonyeza spika, akamnyooshea simu Mheshimiwa.

— Mwambie. Tarehe ulikuwa nayo wewe.

Mheshimiwa aliitazama ile simu kama faili, hakuipokea. Shangazi akamnyooshea Fundi Saa. Akamnyooshea Dobi, na Dobi akarudi nyuma hadi ukutani. Mkono wa Shangazi ulibaki hewani, na sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba, yenye furaha:

— Haloo? Wanangu? Mbona leo hamniamkii?