Dativa Kokuhirwa na Jumamosi ya Pili ya Kila Mwezi

Mchungaji, ndugu wa Kamachumu na wa Minnesota, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi wageni wetu mliokaa viti vya nyuma na kofia mapajani, familia imemtuma Eliezer, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya Dativa Kokuhirwa tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na kabla hajafika popote ametumwa aseme jambo moja waziwazi, kwamba Dativa hakupigwa risasi. Hakupigwa na mtu, hakujipiga, wala hapakuwa na ugomvi wowote. Habari iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu Jumamosi iliyopita, ikafika Kamachumu kabla hata mume wake hajauona mwili, si ya kweli, na walioisambaza wanajijua, wengine tumekaa nao humu humu.

Wazee walishauri iandikwe tu kwamba marehemu alifikwa na mauti akiwa katika shughuli zake, basi, watu wale chakula watawanyike. Mume wake, Edson Mutalemwa, alikataa. Alisema yaandikwe yote, pamoja na yale yanayomhusu yeye, na karatasi hii ameisoma mwenyewe mara tatu kabla ya kuikabidhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Ishengoma na mama Paulina. Alikuwa mtoto mpole, asiyejibizana na mtu, lakini mama yetu alizoea kusema kwamba katika watoto wake wote huyu ndiye aliyemchosha, kwa sababu ukimkataza jambo alisema sawa, akanyamaza, na kesho yake ukamkuta analifanya taratibu nyuma ya nyumba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari ya wasichana mjini Bukoba kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi, akahitimu Novemba 1989.

Aliajiriwa katika hospitali ya misheni mwaka 1990, akafanya kazi kwa miaka kumi na moja, hadi alipomfuata mume wake huku Marekani Juni 2001. Huku alianza upya kama tulivyoanza wote, akafua mashuka ya wazee, akarudi darasani, na kuanzia Machi 2006 hadi mauti yalipomfika kazi yake ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo katika hospitali moja hapa Maplewood, na wauguzi walipotoboa mkono wa mgonjwa mara nne bila kuupata mshipa, aliyeitwa alikuwa Dativa.

Ndoa yao ilifungwa tarehe 19 Desemba 1992, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Doris, aliyezaliwa 1994, na Evodius, aliyezaliwa 1997, wote wako hapa mbele yenu. Ilikuwa ndoa nzuri, na Edson ameomba neno hilo lisiondolewe, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine.

Septemba 2016, mfanyakazi mwenzake aitwaye Alice alimwalika marehemu kwenye klabu ya kulenga shabaha huko Inver Grove Heights, siku ya wanawake, na jioni yake marehemu alirudi nyumbani na karatasi yenye matundu matano yaliyokaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kidole gumba. Akaiweka mezani, mbele ya sahani ya mume wake, akiwa anacheka. Edson hakucheka. Alimuuliza kama amerukwa na akili, mama mtu mzima, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa, kushika bunduki katika nchi ambayo kila siku tunasikia watu wameuawa, na watu wetu watasema nini wakimwona, kisha akamwambia kwamba maadamu yeye ni mwanamume wa nyumba ile, jambo hilo lisisikike tena. Marehemu akasema sawa, akaikunja karatasi yake, akaenda kuosha vyombo.

Kuanzia Januari 2017, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, marehemu alitoka nyumbani saa mbili asubuhi akiwa amevaa sare ya kazi, akimwambia mume wake kwamba ana zamu ya ovataimu. Hakuwa na zamu. Alikwenda Inver Grove Heights, akabadilisha nguo chooni, akachukua bunduki yake ndogo iliyokuwa ikihifadhiwa kwa Alice, na akakaa kwenye benchi pamoja na wastaafu kumi na wawili, kila mmoja na karatasi yake yenye vijiduara ishirini na vitano umbali wa hatua hamsini, wakilenga kimyakimya, kisha wakibadilishana karatasi kila mtu amhesabie mwenzake alama, wakitaniana na kunywa kahawa mbaya.

Mshindi wa mwezi wa Novemba hupewa bata mzinga. Ninyi mliokula Krismasi kwa Edson mtakumbuka kwamba miaka minne alisimama mezani akamshukuru Mungu kwa ajili ya hospitali inayowajali wafanyakazi wake kiasi cha kuwapa bata mzinga mzima, na wote tukaitikia amina, marehemu akiwa wa kwanza kuitikia.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika na shinikizo la damu mwaka 2019, akatumia dawa bila kukosa, na hakuna aliyedhani jambo lingine.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa amekwisha kulenga vijiduara kumi na saba, Dativa aliilaza bunduki, akaifungua, akaichomekea kile kijiti cha rangi ya machungwa kinachoonyesha kwamba haina risasi, kama sheria yao inavyotaka, ndipo akanyoosha mkono. Mzee Francis, mhesabu alama wao, postamasta mstaafu, alidhani anataka kuuliza jambo. Dativa akamwambia kwamba kichwa kinamuuma vibaya, akaegemea bega lake. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Wote waliacha kulenga, Alice akaita gari la wagonjwa, na Francis akamshika mkono tangu kwenye benchi lile mpaka hospitali mjini Saint Paul, bila kuuachia.

Katika fomu ya klabu, penye nafasi ya mtu wa kuitwa kukitokea dharura, marehemu alikuwa ameandika jina la Alice. Alice hakuwa na namba ya Edson, simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwa namba za siri, ikabidi atafutwe msimamizi wa kazini aliyekuwa mapumzikoni, na saa sita na dakika ishirini mchana ndipo Edson alipopigiwa akiwa jikoni anamenya ndizi. Aliambiwa mke wake ameugua ghafla na amelazwa. Hakungoja kuambiwa ni hospitali gani, alikata simu na kuingia barabarani, kwa sababu alijua mke wake yuko wapi.

Alikwenda Maplewood, kazini kwake. Wakamwambia kwenye meza ya mapokezi kwamba Dativa hayupo, hajalazwa hapo, na tena hafanyi kazi Jumamosi, hajafanya kazi Jumamosi hata moja tangu mwaka 2016. Edson alibishana nao. Alibishana na mtu na kompyuta yake kwa karibu nusu saa, akapiga meza, akawaambia kwamba amemwona kwa macho yake akitoka nyumbani na sare, na wakati anabishana, mjini Saint Paul, saa saba kasoro dakika tano, Dativa akakata roho. Edson alipigiwa tena, akaelekezwa Saint Paul, akafika saa saba na robo, akamkuta mke wake amevaa fulana ya michezo ambayo hajawahi kuiona, na mzee wa Kizungu asiyemfahamu amekaa kando yake analia.

Edson anataka mjue kwamba kwa siku tatu alimkasirikia marehemu, akaiona miaka tisa yote kuwa uongo. Siku ya nne akamuuliza Alice kwa nini mke wake hakuandika jina lake kwenye fomu ile, na Alice akajibu kwamba Dativa alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akasema kwamba wakimwita mume wake atajua, na akijua atamkataza, na yeye hataki kumwasi mtu anayempenda. Edson anasema alimkataza mara moja tu, kwa dakika tano, kwa kuogopa maneno ya watu, na hakumuuliza tena kama bado anatamani. Kwa hiyo asilaumiwe mtu mwingine yeyote kwa yeye kuchelewa.

Familia inawashukuru kwanza mzee Francis, kwa mkono alioushika kwa niaba ya mume, Alice, na wote wa klabu mliokaa viti vya nyuma, tunaomba msogee mbele, nafasi ipo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Saint Paul, wafanyakazi wenzake wa Maplewood pamoja na yule wa mapokezi aliyefokewa, majirani, kwaya, na ndugu mliosafiri kutoka mbali.

Pumzika kwa amani, Dativa. Leo Edson anajua ulipo.