Mama Nafisa, Aliyetufundisha Kuitikia Jina la Dawa

Alhamisi hii, tarehe 30 Septemba 2004, Mama Nafisa Muhanna anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwalaza wagonjwa wetu kwa dawa ya usingizi na, jambo lililo gumu zaidi, kuwaamsha.

Baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa hapa Bujumbura, alitaka arithi duka. Yeye akachagua uuguzi, na tangu upasuaji wa kifua ulipoanza hospitalini kwetu amekaa kichwani pa mgonjwa, akilinda pumzi.

Wagonjwa watamkumbuka kwa swali lake la asubuhi. Anayepasuliwa hapaswi kuwa na chakula tumboni. Sisi wengine huuliza kama amekula, na kila mtu hukana, hata yule ambaye ndugu zake wamempitishia uji chini ya kitenge. Mama Nafisa huuliza kwa upole ndagala za leo, dagaa wetu wa ziwani, zilikuwaje. Mvuvi mmoja wa Ruziba alizisifu kwa kirefu, akarudishwa wodini akinung'unika. Alipasuliwa kesho yake, akapona.

Lakini kuna siku ambayo mwenyewe ameomba isirukwe: Jumanne, tarehe 11 Agosti 1998. Vita na vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetukausha. Dawa zilifika kidogo kidogo, nyingine bila maboksi, nasi tulizoea kupanga vichupa vipya katika maboksi ya zamani. Tuliyajua kwa rangi, tukaacha kusoma.

Mchana huo aliletwa Caritas, mama wa Musaga, kipande cha bomu kimemtoboa pafu la kulia. Daktari Melchior alilishona huku madirisha yakitetemeka kwa milio ya mizinga ya upande wa kusini. Kazi ilipokwisha, Mama Nafisa alichukua kichupa katika boksi la dawa ya kuondoa ulegevu wa misuli, ili mgonjwa apumue mwenyewe. Vidole vya Caritas vilikuwa vimeanza kucheza. Sindano ilipoingia, vikatulia kabisa.

Mama Nafisa alikiokota kichupa, akakisoma. Ilikuwa dawa ya kulegeza misuli, ile ile aliyotaka kuiondoa. Daktari alikuwa anavua glavu na kuagiza mpira wa hewa utolewe kooni. Ungetolewa, Caritas angekufa mbele yetu, na wengi tungesema ni jeraha.

"Dokteri, musitoe mupira," alisema. "Nimemupa dawa ya kulegeza tena. Ni mi nimekosea."

Alimwongezea ya usingizi, asije akaamka na kusikia kila kitu huku hawezi kusogeza hata kope. Kisha umeme ukakatika na mashine ya kumpumulia ikazimika. Akashika mfuko wa hewa, akaukamua kwa mkono, taratibu, maana pafu lililotoka kushonwa halitaki nguvu. Tulipokezana. Mtungi wa oksijeni ulikuwa unaelekea mwisho, na hatukujua kama gari lingepita kuleta mwingine. Zamu yake ya kupumzika ilipofika, alitoka nje kumweleza mume wa Caritas kosa lake. Mume aliuliza kitu kimoja tu: anapumua?

"Tunamupumulia," alimjibu. "Usiende mbali."

Jua lilipokuwa linashuka, kifua kilipanda chenyewe. Mama Nafisa hakukiamini, akaendelea kushika mfuko mpaka Caritas alipomfinya kidole.

Siku iliyofuata alitupa maboksi yote ya zamani. Tangu hapo hakuna dawa inayoingia mshipani kabla mmoja hajasoma jina lake kwa sauti na mwingine kuliitikia. Wenzetu wa wodini walitucheka, wakasema tumefungua madrasa. Daktari Melchior naye alicheka. Sasa asiposikia jina huinua kichwa na kungoja.

Jumatatu tuna kijana wa kupasuliwa pafu, na kiti cha kichwani kitakuwa cha Nella, mwanafunzi wa Mama Nafisa. Tunaogopa, hatufichi. Nella alimsihi mwalimu wake aje akae karibu, japo kwa mara hiyo moja. Mama Nafisa alikataa, akamwambia asome kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa pili. Basi tutasoma, na tutaitikia.

Asante, Mama Nafisa, kwa niaba ya wote ulioturudishia. Mungu akupe afya na siku nyingi nyumbani kwako Kinindo. Tunakutakia usingizi ambao hakuna mtu anayelazimika kuulinda.