Kiti Nilichopewa Kila Msiba

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za tangu Jumapili. Leo mniache niongee, na nikilia msinikatize.

Mnanijua. Baba alikuwa Mwarabu mwenye duka hapa mjini, mama Mwiraqw wa kijiji cha Singe. Nimezaliwa Babati, nimekulia Babati, lakini kila msiba nikifika nasikia, "Mleteeni Mwarabu kiti." Wenzangu wako mkekani, wengine jikoni wanamenya viazi na kutaniana, mimi nimekaa juu kama mkuu wa wilaya! Ndugu zangu, najua mliniheshimu. Lakini nilikuwa mpweke.

Baba alipofariki nikaenda kwa ndugu zake, Tanga. Kule nikapitishwa mlango wa nyuma: "Huyu ndiye yule Mwafrika." Nilipanda basi Mwarabu, nikashuka Mwafrika, na uso ni huuhuu.

Nikarudi. Mama naye akafariki. Msiba wa mama yangu mzazi, wapwa zake wamekaa mkekani wanalia pamoja, mimi nikaletewa kiti. Nikakikalia. Siku ile niliumia kuliko zote.

Basi nikaanza masomo ya jioni, elimu ya jamii. Mwalimu akatufundisha kuwa rangi hizi hazimo kwenye damu, ni watu waliozipanga ili wengine wapate na wengine wakose. Mkoloni aligawa mpaka shule na wodi za hospitali kwa rangi. Aliondoka, sisi tukaendelea kugawa. Nikajiuliza, kama ni watu waliopanga, mimi si mtu?

Jirani yangu alipofiwa, kiti kikaja. Nikakataa. Nikasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ni mgeni tangu nizaliwe. Nipeni jembe." Nikabaki nimesimama, natamani ardhi inimeze. Ndipo mama mmoja, yumo humu ndani, simtaji, akanisogezea beseni: "Haya, menya vitunguu. Na usitucheleweshe, watu wana njaa."

Mama, asante. Nanyi mliocheka nami jikoni siku ile, asanteni.

Ninaloomba ni hili: mtu unayeishi naye miaka yote na bado unamtafutia kiti, jiulize unamheshimu au unamtenga. Mama yangu alizoea kuniambia, "Vumilia, watakuzoea." Jioni ile nilifika nyumbani nanuka vitunguu, nikafungua mlango nimwambie. Hayupo. Ndiyo maana nawaambia ninyi.