Kijicho cha Mwalimu Nikolausi

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Yohanes, weka hiyo simu chini, wanaokutafuta watakutafuta nikishazikwa. Eva, wewe kaa pale ninapokuona uso, maana maneno mengi ya leo ni yako, na nisipokuona nitapata njia ya kuyakwepa kama nilivyoyakwepa miaka saba.

Nianze na mepesi. Shamba la juu ni la Yohanes, na nyumba hii pia, kwa sharti kwamba Eva akija asilale kama mgeni. Shamba la vitunguu saumu la kando ya barabara ni la Eva. Usinune, Yohanes. Najua wewe ndiye uliyelilima, lakini yeye nilimfukuza hapa Tumati, na anayejua hivyo ni mimi peke yangu. Tulieni, nitafika huko.

Mnajua nilifundisha miaka thelathini na miwili. Darasani kwangu nzi akitua ungemsikia. Wazazi waliniletea watoto walioshindikana hadi kutoka Dongobesh, nami niliwanyoosha, au niliamini nimewanyoosha kwa sababu walinyamaza. Ndipo akaja Fausta, binti wa Qamara, darasa la tatu, mwaka mmoja baada ya mama yake kufariki. Ukimwita ubaoni asome, anachana daftari. Ukimshika mkono, anang'ata. Siku nyingine anaingia chini ya dawati na kukaa huko hadi kengele ya kwenda nyumbani. Nilimchapa. Nilimpigisha magoti kwenye kokoto. Nilimwita mkorofi mbele ya wenzake, nikamwita na baba yake, tukamchapa wawili. Kila siku alizidi, na mimi kila siku nilizidi.

Wewe Eva ukapangiwa shule yetu, hata vumbi la chuo hujalikung'uta, na mwalimu mkuu akakupa Fausta. Nilicheka. Nilimwambia mama yenu, Mungu amrehemu, kwamba wiki haiishi utakuja kulia kwangu, na nilikuwa nimeshapanga namna ya kukufariji. Mezani ulinieleza kwamba yule mtoto hasira yake ni hofu inayotokea mlango mwingine. Nikakuuliza kama chuoni siku hizi mnasomea ualimu au uganga.

Hukuja kulia. Uliweka dawati lake mgongo ukutani. Kila asubuhi ulimwambia siku itakwendaje, kwanza nini, halafu nini, ili kitu kisimshtukize. Akianza kuchemka alikuwa na ruhusa ya kuinua mkono wa kushoto, kutoka bila kuulizwa, kumwagilia miche ya shule ndoo moja, na kurudi. Sisi wote ofisini tulisema atatorokea porini. Akarudi. Akichana daftari hukumpiga, lakini hukumwachia pia. Akishatulia ulimpa uji mzito wa kugandishia, akakaa anabandika kurasa moja moja hadi amalize. Kuna wiki ulishindwa kabisa, akakurushia kifutio usoni, nami nikafurahi. Nasema nikafurahi, Eva. Siku ile nilikula vizuri.

Kufikia Novemba akasoma ukurasa mzima mbele ya darasa. Kwenye kikao cha wazazi Qamara akasimama, akasema anataka kumshukuru mwalimu aliyemrudishia mwanawe. Mimi nikanyanyuka. Mnanisikia? Nilikuwa nimeshafunga na kifungo cha koti. Akanipita karibu hadi shuka lake likanigusa, akaenda kukushika wewe mikono yote miwili, na mimi nimesimama katikati ya watu. Nikajifanya naenda kufungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Watu walidhani baba anaona fahari. Niliona kijicho. Mwanangu wa kumzaa, niliyemshika vidole nikamfundisha kuandika jina lake, na kila jina hilo likisifiwa nilihisi mtu ananikwangua kifua kwa ndani. Hata sasa, roho iko mlangoni, nikitaja jina la Fausta naiona ile mikono ya Qamara, na bado natamani ingenishika mimi.

Siku moja baada ya vipindi nikachukua daftari lako la kijani juu ya meza. Nilitaka kujua unampa dawa gani, nami niende nayo nijisifu. Nikakuta umeandika kila tukio, kabla yake kulikuwa na nini, baada yake kukawa nini. Nikakuta mstari: "Kabla: Mwalimu Nikolausi amesimama nyuma yake." Nikafunua ukurasa, nikaukuta tena. Ulikuwemo mara kumi na moja. Hukuandika kwa chuki, uliandika kama mtu anayeandika kwamba leo mvua imenyesha, na hilo ndilo lililonimaliza. Daftari liko chini ya sanduku la mama yenu. Ulilitafuta shule nzima, nami nikakusaidia kulitafuta.

Sasa lililo zito. Mnajua sisi Wairaqw zamani nyumba ikifiwa ilitengwa. Hamchangii chombo, hamchukuliani moto, watoto hawachezi pamoja, hadi wazee waseme basi. Kanisani tuliambiwa tuache, na aliyelisoma tangazo lile ni mimi. Lakini nilikwenda kwa wazee wawili, nikawaambia nyumba ya Qamara haikumaliza muda wake wa kutengwa alipokufa mkewe, na vurugu za yule mtoto ndizo ushahidi. Sikuliamini neno hilo hata kidogo. Nililisema kwa sauti yangu ya ualimu, wakaliamini wao.

Haikuchukua wiki. Watoto wakakataa kikombe alichonywea, wakahamisha madawati. Siku tatu Fausta anainua mkono wa kushoto, anatoka, anarudi, anakuta wamesogea mbali zaidi. Siku ya nne akamvunja mwenzake jino, Qamara akamwondoa shule. Wewe Eva ukasema njia yako imeshindwa, ukaomba uhamisho kwenda Gendabi, na nasikia huko hukubali tena kupewa mtoto wa namna ile, unasema huna kipaji. Njia yako haikushindwa. Niliivunja mimi.

Usitoke, mama. Ukitoka sina pumzi ya kukuita... Haya, toka kama ni lazima... Umekaa. Asante.

Yohanes, Jumapili simama kanisani uyaseme haya kama nilivyoyasema, usiyapunguze kwa ajili ya jina langu. Mzee mmoja kati ya wale wawili bado yuko hai, nenda kwake kwanza. Kisha mtoe yule mtamba mweusi umpelekee Fausta mwenyewe, mkononi mwake, si kwa baba yake. Ana miaka kumi na saba, anachunga peke yake, na watu bado wanampisha njiani. Mkiketi kwao, kunyweni kinachotolewa, katika chombo chao, milango ikiwa wazi. Wala msiseme ni zawadi. Ni faini. Akitaka kusoma, Eva atajua pa kuanzia, na akikataa asibembelezwe, ana haki yake. Mimi nisisifiwe kaburini kwamba nilinyoosha watoto.

Na mjukuu wangu yeyote atakayeshika chaki, mwambieni kwamba mtoto akichana daftari, aulize kwanza nani alikuwa amesimama nyuma yake, na asiogope kukuta ni yeye mwenyewe... Ngojeni kidogo... Hapana, maji sitaki.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape ng'ombe wenye maziwa na watoto wenye afya, na awape macho ya kutazama sahani ya ndugu yenu ikijaa bila kuumwa tumbo. Hilo mimi sikupewa, au nilipewa nikalikataa.

Ninyanyue, Yohanes. Zaidi... Siwezi kulisema hili nimelala.

Eva. Tangu umalize chuo, Tumati yote ilikuita mwalimu. Mimi nilikuita "huyu," nikakuita "mtoto wangu," nikakuita kila kitu isipokuwa hilo. Basi sasa...

Shikamoo, mwalimu.

Usitazame ukuta. Najua mzee hamwamkii mwanawe hivi... najua. Itikia, mama. Nimekusalimia... nasubiri... itikia tu.