Dkt. Joviana Kokwijuka Kahangwa, Mtafiti wa Majivu na Radi (1974–2025)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na wenzake wa chuoni, familia imenituma mimi Audax, mdogo wake, niliyezunguka nchi saba na lori nikarudi na kitambi tu, niwasomee safari ya dada yetu, aliyerudi na elimu.

Joviana alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Kimwani, Muleba, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, Tata Datius, na Mama Theopista, huyu aliyeketi mbele yenu. Tarehe 2 Aprili 1985, akiwa darasa la tano, radi ilimuua Tata kwenye migomba, yakazuka maneno kwamba aliyeituma ni mkewe, na tangu hapo Mama akimkaribisha mtu akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kikapu kilirudi kimejaa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutafuna cha mkono wake.

Alihitimu jiolojia Dar es Salaam mwaka 1999, tarehe 12 Mei 2001 akafunga ndoa na shemeji yetu Rugambwa, wakajaliwa Joanitha na Datius, na kuanzia 2003 hadi 2008 alikuwa Kagoshima, Japani, akitafiti radi zinazozaliwa ndani ya wingu la majivu ya volkano, kisha akafundisha chuo kikuu.

Aliporudi na kopo la majivu yake, Mama aliyaona ni majivu kama ya jikoni, akayachanganya na maharage yasibunguliwe, hivyo utafiti wa kimataifa ukapepetwa kwa ungo, mpepetaji mkuu nikiwa mimi, na nusu nikaimwaga. Majirani walipokuja kutucheka, Joviana aliwaeleza kwamba chembe za majivu zikisuguana huzaa umeme, na mawinguni juu ya ziwa letu chembe za barafu hufanya vivyo hivyo, hazitumwi na mtu.

Ma Immakulata, jirani yetu, akauliza, "Kwa hiyo Theopista tulimwonea?"

"Ndiyo, Ma. Mlimwonea."

Ma Immakulata alichukua punje moja ya kahawa kikapuni mwa Mama, wengine wakaondoka na mashaka yao, na kila likizo Joviana alieleza upya.

Novemba 2024 aliugua saratani ya kongosho, akafariki Bilele, Bukoba, tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama, akiwa ameomba jambo moja tu, kwamba msibani kwake akamwani aipitishe Mama mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chuoni, jumuiya na majirani, hasa ninyi mliokaa nasi jana jioni Mama alipopita na kikapu, mkono mmoja baada ya mwingine.

Sasa pumzika, dada, kikapu kimerudi kitupu.