Sista Hedwiga, Aliyetuuliza Choo Kikoje

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Hedwiga Ndunguru anavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na mitatu, na mingi kati ya hiyo ameivaa hapa hapa, katika zahanati yetu ya ufukweni, kata ya Lundo. Tabibu William, mganga mfawidhi wetu, ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa kuwa nipo kidato cha tatu na, kwa maneno yake, "Kiswahili chako kimenyooka na Kiingereza unacho." Sikumwambia kwamba lugha zote mbili naziweza kwenye karatasi tu. Mbele za watu zinanikimbia. Basi nimeandika mimi, atasoma yeye.

Sista Hedwiga ni mtoto wa Kigonsera, wa kahawa na baridi. Alipohamishiwa huku, Ziwa Nyasa lilimtisha. Wazee wanasimulia kwamba siku ya kwanza kupanda boti ya chanjo alifumba macho safari nzima, rozari mkono mmoja, kikasha cha chanjo mkono wa pili. Vijana wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, wakamchokoza: "Sista, ninyi Wamatengo mnaogelea kwenye ngoro tu?" Ngoro ni yale mashimo ya kulimia ya kwao milimani. Akawajibu, macho bado kayafumba, kwamba ngoro haijawahi kumtapisha mtu. Leo anakula usipa na vichwa vyake, na Kinyasa anakisema mpaka anatania nacho.

Wengi watakaokaa kwenye viti vya hafla hii ya kumuaga walipokelewa duniani na mikono yake. Lakini kazi iliyompa jina ni kliniki ya watoto. Mtoto akishapimwa uzito, kabla mama hajamfunga mgongoni, Sista anauliza: "Choo kikoje?" Kigumu? Analia akienda? Anajificha? Watoto wakampa jina hilo hilo, Sista Choo Kikoje, naye akaitika. Jumapili moja alimuuliza katekista habari za mjukuu wake pale mlangoni pa kanisa, watu wanatoka misa. Katekista akainama akamnong'oneza, "Laini, Sista, laini." Kwaya yote ilisikia.

Alikuwa na sababu. Kuhara tulikuogopa, lakini mtoto kukosa choo tulikuona kichekesho, au tulikutibu kwa kumchomeka kipande cha sabuni. Sabuni aliipiga vita. Alisema inamchubua mtoto leo na kumtia hofu ya kesho. Alifundisha pia mahali pa kutokuwa na wasiwasi: mtoto anayenyonya vizuri anaweza kuruka siku kadhaa, na choo kikitoka laini, hana ugonjwa. Ila kichanga ambaye hajapata choo tangu azaliwe, au mtoto anayetapika huku tumbo limejaa, huyo hasubiri kesho. Tafuta boti au bodaboda saa hiyo hiyo.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Haya nayajua kwa kuwa yalinipata mimi.

Nilikuwa na miaka mitano, chekechea. Choo cha shule kilikuwa na giza na shimo ambalo niliamini lingenimeza, kwa hiyo nilibana. Nyumbani nilisimama nyuma ya mlango kwa ncha za vidole, miguu nimeipishanisha, jasho linanitoka. Wakadhani nacheza. Baadaye nguo za ndani zikaanza kulowa choo cha majimaji bila mimi kujua. Bibi yangu, Bibi Edina, akafanya kile ambacho bibi yeyote wa huku anakifanya mtoto akiharisha: maji ya majani ya mpera asubuhi na jioni, uji mzito wa muhogo, na papai marufuku. Nikazidi. Mwalimu akanirudisha nyumbani. Baba yangu, Meshack, mchonga mitumbwi, akasema, "Januari ikifika, huyu haanzi darasa la kwanza. Atakaa hapa mpaka aache." Nilimsikia vizuri, maana nilikuwa pale pale nyuma ya mlango.

Mama na Bibi wakanipeleka zahanati kuomba dawa ya kuhara. Sista alinibonyeza tumbo taratibu, akauliza kabla ya hayo maji kulikuwa kunatoka nini. Mama akakumbuka: vigololi, kama vya mbuzi.

"Bibi, shikamoo," Sista akasema. "Huyu haharishi. Mfereji ukizibwa na gogo maji hayakomi, yanapita pembeni. Hayo ndiyo mnayoyafua. Gogo bado limo."

"Na mpera wangu?"

"Mpera wako unafanya kazi, Bibi. Ndiyo shida."

Tabibu aliniandikia dawa ya maji ya kulainisha choo. Papai likarudi, na maharage, majani ya maboga, maji ya kunywa kila nilipopita jikoni. Baada ya kula nikawa nakalishwa chooni, bila kuharakishwa, bila kuchapwa. Baba naye alipewa kazi yake: kiti chenye tundu dogo la kuweka juu ya shimo, na kibao cha kukanyagia miguu. Alikichonga kwa mbao za mtumbwi uliochakaa. Majirani wakipita, "Meshack, mtumbwi gani huo?" Anawajibu, "Wa abiria mmoja."

Nilipopata nafuu Mama akaacha dawa, na tatizo likarudi. Sista hakumgombeza. Alimwambia utumbo uliotanuka ni kama mpira wa kaptula uliolegea, haukaziki kwa wiki moja. Safari hii dawa ilipunguzwa polepole, kwa miezi. Mwenyewe akaenda kuongea na mwalimu niwe natoka darasani bila kuomba ruhusa. Januari nikaanza darasa la kwanza na wenzangu, na aliyenishika mkono kunipeleka ni Baba.

Viti vya namna ile sasa vimefika hadi Kingerikiti, na Baba amechonga vingi kuliko mitumbwi.

Wiki iliyopita nilimuuliza Sista kama ni sawa kuandika habari hizi, maana hajawahi kumtajia mtu kwamba mtoto wa kiti cha kwanza ni mimi. Akasema, "Andika. Kuna mtoto amesimama nyuma ya mlango sasa hivi."

Zawadi yetu kwake ni kiti cha mbao ya mtumbwi, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Baba ameomba iandikwe wazi, watu wasije wakaulizana ukumbini: hiki hakina tundu.

Asante, Sista Hedwiga. Panda salama Kigonsera, ukikalie kibarazani ukitazama kahawa ikiiva. Mungu akupe siku nyingi, na zote ziwe laini.

Aurelia Meshack
kwa niaba ya watumishi na watoto wa zahanati